Tunda Lililokosa wa Kutangulia

Nchi yetu ya Shwarini haina matatizo. Nalisema hili mapema ili msomaji anayetafuta matatizo aufunge ukurasa, akayatafute kwa majirani, ambako nasikia yapo mengi. Sisi tuna changamoto tu, nazo zinashughulikiwa na kamati.

Mimi ni mpishi wa Shule ya Msingi Utiifu. Nina stashahada ya lishe na upishi, na cheti changu kinaning'inia jikoni juu ya gunia la unga. Nina watoto watatu. Wa kati, Salha, ana miaka tisa. Habari hii inamhusu yeye kuliko inavyoihusu Serikali, ingawa Serikali haikuona hivyo.

Mwezi wa tatu, meli kutoka Visiwa vya Karamo ilitushushia masanduku mia nne ya matunda. Ilikuwa zawadi. Wakaramo ni marafiki zetu wa kudumu tangu mwaka jana. Tunda lenyewe lilikuwa kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, rangi ya zambarau iliyochuja, gumu, halina harufu wala kikonyo. Ukiligonga ni kama kugonga mlango wa ofisi saa ya chakula: unajua kuna kitu ndani, lakini hakifungui.

Kwetu, mtu akikuletea zawadi huifungui mbele yake, wala humwulizi inatumikaje. Ukimwuliza utakuwa umekiri kwamba hujawahi kuiona, na hiyo ni aibu. Unapokea kwa mikono miwili, unasema ahsante, kwa nini umejisumbua, unaipeleka chumbani. Ndivyo alivyofanya Mheshimiwa Fumbwe, Waziri wa Mapokezi na Shukrani, pale bandarini, ila yeye alikuwa na kipaza sauti.

"Mheshimiwa Balozi," alisema, "tunda hili si geni kwetu. Babu zetu walilila. Babu za babu zetu walilila wakiwa wamesimama. Leo tunda limerudi nyumbani!"

Tukapiga makofi. Balozi wa Karamo, mzee mwembamba mwenye adabu nyingi, alitabasamu, akatoa barua ndefu iliyoandikwa kwa Kikaramo. Waziri akaipokea kwa mikono miwili. Kwa kuwa wizarani hakuna mtu anayesoma Kikaramo, barua iligongwa muhuri wa SIRI siku hiyo hiyo na kufungiwa kabatini. Sheria yetu iko wazi: jambo ambalo hakuna anayelielewa lisiachwe ovyo mezani.

*

Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kuonja, wajumbe kumi na tisa. Mimi niliitwa kwa sababu walihitaji mtu wa kuja na kisu na sahani, na wakataka awe na stashahada ili kisu kiwe na sifa.

Siku ya kwanza walijadili kinacholiwa ni ganda, nyama au kokwa. Hawakuweza kuamua, kwa sababu kisu changu kilipinda na tunda halikupata hata alama. Siku ya pili aliletwa mbuzi. Mbuzi alilinusa, akarudi nyuma hatua nne, akaanza kutafuna pazia. Katika kumbukumbu za kikao iliandikwa kwamba mjumbe wa majaribio hakutoa ushirikiano.

Siku ya tatu Waziri Fumbwe mwenyewe alikuja, na hapo ndipo kazi ilipokwama. Shwarini tuna sheria mbili nzuri sana. Ya kwanza ni Sheria ya Heshima, inayokataza mdogo kutia kitu kinywani kabla ya mkubwa wake. Ya pili ni Sheria ya Usalama, inayokataza mkubwa kutia kitu kinywani kabla hakijaonjwa na mdogo wake. Miaka yote zilikaa pamoja bila ugomvi, kwa sababu tulikuwa tunakula wali na ugali, na hakuna aliyewahi kuuliza ugali una nini ndani.

"Tangulia, Mheshimiwa," alisema Bwana Kisangi, Katibu wa Kamati, akiinama.

"Nitatanguliaje na wewe hujaonja?"

"Nitaonjaje na wewe hujatangulia?"

"Basi tuonje pamoja."

"Pamoja, Mheshimiwa?" Bwana Kisangi alishika kifua. "Mimi na wewe tuko sawa?"

Waziri akakiri kwamba aliteleza, na neno "pamoja" likafutwa kwenye kumbukumbu.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na sahani yangu. Nilikuwa nimeacha maharage ya wanafunzi mia tatu jikoni, yanaungua.

"Samahani," nikasema. "Ubalozi wa Karamo uko mtaa wa pili. Mtu mmoja aende amwulize Balozi linaliwaje, arudi. Dakika kumi."

Walinitazama wote kumi na tisa.

"Huyu mama katoka wapi?" aliuliza mmoja.

"Jikoni."

"Ahaa. Ndiyo maana."

Nikachukua kisu changu kilichopinda nikarudi kwenye maharage.

*

Mtaani nako hakuna aliyekuwa na imani na tunda lile, ila kila mmoja alikuwa ameshalila. Ndivyo tulivyo. Jirani yangu Bi Mchaa alinisimamisha uani, ndoo kichwani.

"Shoga, hilo tunda mbona tamu hivyo?"

"Umelila wapi?"

"Mimi? Mimi siligusi ng'o, nasikia linafunga kizazi. Binamu yangu wa bandarini ndiye kalila."

"Kalilaje? Limekatika?"

"We naye maswali! Kalila tu. Anasema tamu, kama embe lakini si embe."

Nikaenda kwa muuza mkaa. Shemeji yake kalila, linafanana na nanasi. Kwa fundi cherehani nako, mke wa kaka yake kalila, chungu kidogo mwanzoni. Ukijumlisha, nusu ya mji ilikuwa na ndugu aliyelila, na huyo ndugu hayupo, kasafiri.

Siku ya sita Kamati ilipata ufumbuzi, na redio ikautangaza saa mbili asubuhi. Tunda litaonjwa na watu wasio na cheo chochote, ambao hawawezi kumtangulia mkubwa kwa sababu hawamo kwenye orodha ya wakubwa na wadogo wa Serikali. Watu hao walitafutwa nchi nzima wakapatikana karibu: wanafunzi wa Shule ya Msingi Utiifu. Ijumaa, saa nne kamili, uwanjani, mbele ya Waziri na Balozi, moja kwa moja redioni. Darasa la tatu lingeanza.

Salha aliingia jikoni mbio, kiatu kimoja mkononi.

"Mama! Nimechaguliwa! Mimi ndiye wa kwanza! Mwalimu anasema nina sauti nzuri ya kusema 'tamu'!"

"Kiatu kimefanyaje?"

"Kimekatika. Mama, nitasikika redioni!"

Nilivua aproni nikaenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Mwalimu Bahero ni mtu mpole, anayeogopa hata kengele ya shule yake mwenyewe.

"Mama Salha, hii ni heshima kubwa."

"Basi uanze wewe kuipata."

"Mimi siwezi, nina cheo."

"Ukila hilo tunda bila kujua lina nini, Mwalimu, utakufa nacho."

"Usiseme hivyo kwa sauti," alinong'ona, akafunga dirisha. "Mimi mwenyewe siliamini. Lakini wamesema tupake chokaa mawe ya uwanjani, na chokaa imeshaletwa."

*

Nilifanya kitu ambacho Kamati ilishindwa kufanya kwa siku sita. Nilikwenda sokoni.

Kila Jumatano mpishi wa Balozi, Bi Lorena, hununua bamia kwa mzee yule yule ninayenunua mimi. Tunasalimiana, tunabonyeza bamia, tunasema zimekomaa. Kiswahili chake alijifunzia sokoni, kwa hiyo anajua bei zote na matusi yote.

"Lorena, lile tunda lenu linakatwaje?"

Aliacha kubonyeza.

"Halikatwi."

"Sasa linaliwaje?"

"Linafunguka lenyewe. Unaliweka kivulini, unaliacha. Likiiva linafungua midomo mitatu. Unatoa kokwa nyeusi, unatoa ngozi nyekundu, unachemsha kwa chumvi. Basi."

"Na likilazimishwa?"

"Ndani yana maziwa meupe. Sumu. Mtu mzima anatapika siku tatu. Mtoto..." Hakumaliza. Alikigeuza kiganja chake chini, akakilaza juu ya fungu la bamia, akakiacha pale.

"Linafunguka lini?"

"Likitaka. Wiki mbili, tatu. Kwetu hata mlevi anajua, Mama Salha. Kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Mbona hamkutuambia?"

"Hatukuwaambia? Yote iko kwenye barua. Halafu waziri wenu akasema mababu zenu walilila wamesimama. Balozi wangu alifurahi mpaka akaandika kwao: Washwarini wanalijua kuliko sisi."

Sikununua bamia siku ile.

*

Wizara ya Mapokezi na Shukrani ina fomu ya kuomba kumwona Waziri. Palipoandikwa "Sababu" niliandika: Sumu. Karani alisoma, akaniruhusu nijaze fomu nyingine.

"Andika jambo la kawaida, mama. Hili litapelekwa polisi, nao watalirudisha hapa."

Nikaandika: Salamu. Nikaingia dakika hiyo hiyo.

Nilimweleza Waziri Fumbwe kila kitu nikiwa nimesimama. Alinisikiliza huku akinyoosha vidole vyake mezani, kimoja kimoja.

"Nani kakwambia?"

"Mpishi wa Balozi."

"Ana cheo gani?"

"Anapika."

"Kwa hiyo msimamo wa Serikali ya Karamo tumeupata kwenye fungu la bamia."

"Ndiyo. Ule mwingine mmeufungia kabatini."

"Barua ile ni siri."

"Ni siri kwa nani? Walioiandika wanaijua. Wasioijua ni sisi tutakaokula."

Alisimama akaenda dirishani. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu na dada yake: "Mama Salha, mimi nilisimama bandarini nikasema babu zetu walilila. Leo nisimame tena niseme nini? Babu zetu walisahau kutuambia?"

"Sema ulikosea."

Alinitazama kama nimemwambia avue suruali.

"Kukosea," alisema polepole, "hakumo katika majukumu ya wizara hii."

Lakini alikuwa mtu wa vitendo. Pale pale aliita karani akaamuru iandikwe barua kwa mkuu wa ghala, kwamba matunda yote yaliyopangiwa Ijumaa yawe yamefunguka kabla ya saa tatu na nusu asubuhi, na yatakayochelewa yatoe maelezo kwa maandishi. Nakala ibandikwe kwenye kila sanduku.

"Yakikataa?"

"Jeshi lina misumeno."

"Mwanangu halili."

"Sawa," alisema, akakaa. "Mweke nyumbani, sema ana homa. Atakula mwingine."

"Huyo mwingine naye ana mama."

"Mama wa huyo mwingine hajaja hapa."

Nilikubali kwamba hilo ni kweli, nikatoka. Wa pili kwenye foleni, baada ya Salha, alikuwa Kheri, mtoto wa mwisho wa Bi Mchaa. Nilimkuta mama yake anaanua nguo, nikamwambia yote: maziwa meupe, siku tatu, kiganja juu ya bamia.

"Aa, shoga," alisema, kibanio mdomoni. "Una wivu wewe. Mwanao wa kwanza, wangu wa pili, tayari unataka kuharibu. Kama ni sumu, binamu yangu mbona hajafa?"

"Yuko wapi huyo binamu?"

"Kasafiri."

Nikaenda nyumba nyingine tatu. Wote wana ndugu aliyelila, na wote wananiona mchawi. Nikaacha. Ukiona maneno hayafiki, ni kujichosha kuyatuma tena.

*

Alhamisi, saa ya uji, nilisimama mbele ya wanafunzi mia tatu na kumi na wawili na upawa wangu. Sikutaja tunda, sumu wala Serikali. Walimu wawili walikuwepo, nao walisikia kila neno na wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Mkubwa akikupa chakula, unapokea vipi?"

"Kwa mikono miwili!"

"Unasema nini?"

"Ahsante!"

"Unakula mara moja kama paka?"

Wakacheka. "Hapanaaa!"

"Unafanya nini?"

"Tunamkaribisha!"

"Akisema ameshiba?"

Hapo wakatawanyika, wengine hivi, wengine vile. Nikawafundisha. Akisema ameshiba, unamwambia: japo kidogo. Akisema ahsante, unamwambia tena: japo kidogo. Na chakula kinabaki mikononi, hakiendi mdomoni, mpaka mkubwa aonje. Mtoto anayekula huku mkubwa anamtazama hana mama aliyemlea, na mimi siwezi kuaibishwa mbele ya redio.

Tulirudia mara kumi na nane. Sikugawa uji mpaka hata Kheri, ambaye hula akiwa bado kwenye foleni, alipoweza.

Usiku Salha alipokuwa anasuguliwa miguu kwa jiwe, nilimwambia yeye peke yake ukweli mzima.

"Na wakinipigia makofi?" aliuliza.

Namjua mwanangu. Anapenda makofi kuliko wali.

"Hata wakipiga ngoma."

*

Ijumaa mawe yote ya uwanjani yalikuwa meupe. Bendera mbili, turubai moja, viti vya wakubwa vyenye foronya. Matunda hayakuwa yamefunguka. Mkuu wa ghala aliripoti kwamba yalisomewa barua mara mbili, kwa hiyo askari waliyakata kwa misumeno tangu alfajiri. Maji meupe, mazito, yalichuruzika mpaka kwenye buti zao. Bwana Kisangi aliyaita utomvu wa urafiki na kuamuru yasifutwe.

Vipande vilipangwa kwenye sinia, kila kimoja na kijiti. Balozi alikaa karibu na Waziri. Alipoona misumeno, alinyoosha shingo na kutikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayejifunza kitu kwa wenyeji. Mimi nilisimama nyuma ya sufuria la uji, hatua sita kutoka kwenye sinia. Nilizihesabu. Nilikuwa nimeamua kwamba mkono wa mtoto yeyote ukipanda kuelekea mdomoni, nitafika kabla yake, na upawa wangu ni wa chuma.

Waziri alihutubia dakika arobaini. Alisema tunda hili ni daraja, ni mwenge, ni ukurasa mpya. Alisema adui zetu walitamani tusile. Kisha akachukua kipande kwa kijiti, akamkabidhi Salha, akamshikia kipaza sauti.

"Kula, mwanangu. Taifa linakusikiliza."

Uwanja mzima ukapiga makofi. Nilimwona Salha anavyosikia yale makofi. Shingo ilinyooka, tabasamu likafunguka, na mikono iliyoshika kipande ikapanda kidogo. Ikafika kifuani. Nikaweka mguu mmoja mbele.

Akapiga goti.

"Ahsante, Mheshimiwa," alisema, na kweli ana sauti nzuri. "Karibu."

Watu wakacheka kwa kupendezwa. Waziri naye akacheka.

"Ahsante, mwanangu. Nimeshiba."

"Japo kidogo, Mheshimiwa."

"Hapana, hapana, kula wewe."

"Japo kidogo, Mheshimiwa."

Akina mama wakapiga vigelegele. Bi Mchaa aliyekuwa mstari wa mbele akasema kwa sauti, "Mtoto kalelewa huyo!" Waziri alimpita Salha haraka, akampa kipande Kheri. Kheri akapokea kwa mikono miwili, akakitazama, akameza mate, akapiga goti.

"Karibu, Mheshimiwa. Japo kidogo."

Wa tatu, wa nne, wa tano. Darasa zima likawa limepiga magoti, na madarasa mengine, ambayo yalikuwa bado hayajapewa kitu, yakaona yanaachwa nyuma yakaanza nayo. Sauti mia tatu, moja kwa moja redioni, nchi nzima: "Japo kidogo, Mheshimiwa! Japo kidogo!"

"Onja basi, Mheshimiwa!" mwanamume mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. "Watoto wanaumia magoti!"

Waziri alimgeukia Katibu wake. Bwana Kisangi alikuwa tayari ameinama.

"Siwezi kukutangulia, Mheshimiwa."

Jasho lilikuwa linamtoka Waziri hadi kwenye kola. Akamwona Balozi, na uso wake ukang'aa.

"Mgeni kwanza!" alisema. "Salha, mkaribishe mgeni wetu."

Salha akanyanyuka, akaenda mbele ya Balozi wa Karamo, akapiga goti tena, akamnyooshea kipande chenye maji meupe. Mzee yule alikitazama kwa karibu. Kwa mara ya kwanza alikiona vizuri. Tabasamu likamtoka usoni kama limefutwa kwa kitambaa. Akamtazama mtoto, akatazama watoto wote, akatazama sinia. Nadhani hapo ndipo alipoelewa babu zetu walikula nini. Alikitwaa kipande mikononi mwa Salha, akakiweka chini polepole, akafuta vidole vya mwanangu kwa leso yake, kimoja baada ya kimoja. Kisha akasema, kwa Kiswahili alichokuwa nacho:

"Ahsante. Nimeshiba."

Akina mama wote waliona namna alivyofuta vile vidole. Bi Mchaa alimkwapua Kheri kwa kola ya shati. Baada ya hapo hakukuwa na foleni tena, kulikuwa na wanawake wanatafuta watoto wao.

Lakini Waziri Fumbwe hakupata uwaziri kwa bahati. Alichukua kipaza sauti akatangaza kwamba awamu ya kwanza ya zoezi, yaani Kuonja kwa Macho, imekamilika kwa mafanikio, na kwamba Shwarini ni nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Kisha akaamuru watoto wapewe uji. Niligawa uji. Salha aliosha mikono mara nne, na mimi nikamwosha mara ya tano.

Jumatatu shule ilipewa ngao ya adabu. Mimi nilipewa barua ya onyo, kwa kufundisha adabu bila kibali.

*

Wiki mbili na siku kadhaa zilipita. Jumatano moja, mchana, nimerudi nyumbani mapema, hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa Waziri Fumbwe, kwa miguu, hana msafara, kitu kimefungwa kwa gazeti kwapani.

"Yamefunguka," alisema.

Akafungua gazeti. Tunda lilikuwa limefunguka kweli, midomo mitatu. Ndani kulikuwa na vipande vya nyama ya manjano, kila kimoja na kokwa jeusi linalong'aa. Harufu ilikuwepo sasa, hafifu, kama njugu mbichi.

"Jumapili Rais ana wageni. Anataka liwe mezani. Lazima nijue."

"Onja."

"Mama Salha..."

"Basi kaa."

Kiti kilikuwa kimekwenda kwa fundi, kwa hiyo alikaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, kwa uangalifu mkubwa, akiwa ameelekeza magoti mbali na meno ya chuma. Nikawatoa watoto jikoni. Salha akakataa kutoka. Alichukua beseni akasimama mbele yangu nalo.

"Ukiona kitu kibaya, mama, temea humu."

Nilitoa kokwa. Nilitoa ngozi nyekundu, yote, hata vipande vidogo kama uzi. Nikachemsha kwa chumvi, nikamwaga yale maji, nikachemsha tena, ingawa Lorena hakusema mara mbili. Lorena ni mtu mzuri, lakini mwenye watoto watatu ni mimi. Nikadondosha tone la mchuzi kiganjani, kama ninavyoonja chumvi, nikaligusa kwa ncha ya ulimi. Nikasubiri robo saa kwa saa ya ukutani. Waziri alikuwa ananitazama usoni bila kupepesa, na Salha vilevile, na sikujua yupi kati yao ana hofu zaidi.

"Unajisikiaje?" aliuliza Waziri.

"Najisikia kutazamwa."

Nikachukua kipande kidogo cha manjano, nikakitia mdomoni. Kilikuwa laini, kama kiini cha yai la kuchemsha, na kama parachichi kwa mbali. Hakikuwa kitamu. Hakikuwa kichungu wala kichachu. Kilikuwa chakula. Nikakizungusha ulimini taratibu, nikitafuta pale kitakapouma.

Saa saba ikagonga, na redio ya jirani ikapiga muziki wa taarifa ya habari. Mtangazaji alisema kwamba asubuhi ya leo Mtukufu Rais amekuwa Mshwarini wa kwanza kulila Tunda la Urafiki, na amethibitisha kwamba ni tamu kama asali, na kwamba wananchi wote wanaruhusiwa kuanzia sasa.

Waziri Fumbwe aliruka kutoka kwenye ile mbuzi, uso umejaa furaha.

"Umesikia? Tamu! Kumbe tamu!" Akanyoosha mkono kwenye sahani.

Nilimpiga vidole kwa upawa. Salha akasogeza beseni karibu zaidi na kidevu changu, na mimi nikamwinulia Waziri kidole kimoja kwamba asubiri, kwa sababu nilikuwa bado sijameza.